Nyumba ya Kwanza Uganda: Msaada wa Serikali Uanzie Wapi?

Tangu serikali ya Kenya ilipoanza kukabidhi nyumba za mpango wake wa makazi ya gharama nafuu, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara katika chumba cha walimu cha shule ninayofundisha hapa Jinja: kwa nini serikali yetu haimsaidii kwa fedha mtu anayetafuta nyumba yake ya kwanza? Wanaouliza ni watu wenye ajira na mishahara, wengine wakiwa wamefundisha kwa miaka mingi, na bado kila mwezi wanalipa pango Walukuba, Mpumudde au Bugembe. Mimi pia ni mpangaji, na swali hilo nalichukua kwa uzito unaolistahili. Katiba yetu ya 1995, katika malengo ya taifa yanayoitangulia, inayataja makazi bora pamoja na elimu, afya na maji safi. Kwa elimu na afya tumezoea kuidai serikali, lakini kwa nyumba kila mtu huachiwa ajitafutie mwenyewe.

Nimefikia maoni ambayo huenda yasiwapendeze wenzangu wanaotamani tuige jirani kama alivyo. Naamini serikali inapaswa kusaidia, na kusaidia kwa fedha. Hata hivyo, msaada unaomngojea mwananchi kwenye mlango wa nyumba iliyokwisha kujengwa, yenye hati na bei ya benki, utawapita Waganda walio wengi, kwa sababu wengi wetu hatuipati nyumba ya kwanza kwa kuinunua. Tunanunua ploti, tunakaa nayo, tunafyatua matofali, tunachimba msingi, tunapandisha kuta mpaka lenta, tunasubiri, kisha tunatafuta mabati. Kazi hiyo huchukua miaka, na katika miaka yote hiyo hakuna mahali ambapo mkono wa serikali unaonekana, isipokuwa unapopokea kodi.

Nianze na nchi ambazo zimejaribu kumsaidia mnunuzi wa kwanza, maana yapo mengi ya kujifunza kwao. Nchini Uingereza, mwaka 2013, serikali ilianzisha mpango ambao mnunuzi alitoa asilimia 5 ya bei ya nyumba mpya, serikali ikamkopesha mpaka asilimia 20, na baadaye asilimia 40 kwa London, bila riba kwa miaka 5 ya kwanza, na benki ikatoa kiasi kilichobaki. Mpango huo ulifungwa mwaka 2023. Uliwasaidia watu wengi kupata ufunguo, lakini Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya huko ilipouchunguza mwaka 2019, ilikuta kwamba takribani watu watatu kati ya kila watano walionufaika wangeweza kununua nyumba hata bila msaada huo. Wachambuzi wengi pia walilalamika kwamba fedha hizo ziliongeza wanunuzi sokoni bila kuongeza nyumba za kutosha, na bei zikapanda. Hilo ni jambo la kulikumbuka kila mtu anaposema serikali iwape watu fedha za kununulia. Mahali ambapo nyumba ni chache na wanunuzi ni wengi, ruzuku huingia mkononi mwa mnunuzi na kutokea mfukoni mwa muuzaji.

Afrika Kusini ilifanya jambo ninaloliona kuwa la busara zaidi. Iliwatazama watu waliokwama katikati, wale ambao kipato chao kinazidi kiwango cha kupewa nyumba ya bure ya serikali lakini hakiwatoshi kukopa benki, ikaweka ruzuku ya mara moja kwa kaya zinazopata kati ya randi 3,501 na 22,000 kwa mwezi. Ruzuku hiyo hupungua kadiri kipato kinavyopanda, hivyo anayepata kidogo husaidiwa zaidi. Singapore nayo iliwaruhusu wafanyakazi, tangu 1968, kutumia akiba yao ya uzeeni kununua nyumba zilizojengwa na bodi ya serikali. Nitairudia habari ya akiba, kwa kuwa inatugusa moja kwa moja.

Hapa kwetu hakuna ruzuku ya kitaifa ya namna hiyo. Tunayo benki ya mikopo ya nyumba, Housing Finance Bank, ambayo ilianzishwa mwaka 1967 na ambayo nusu yake inamilikiwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na karibu nusu nyingine na serikali. Tunalo pia Shirika la Taifa la Nyumba na Ujenzi, lililoanza mwaka 1964, ambalo serikali ina hisa za asilimia 51 na Libya asilimia 49. Kwa hiyo vyombo vipo. Vinachokosa ni fedha za bei ambayo mwalimu, muuguzi au askari anaweza kuilipa. Sera ya Taifa ya Nyumba ya mwaka 2016 ilikadiria upungufu wa nyumba milioni 1.6, na makadirio yanayotajwa siku hizi na viongozi yamefika milioni 2.4.

Tuitazame hesabu ya mkopo, kwa kuwa ndiyo inayomvunja mtu moyo kabla hajaingia benki. Chukua mkopo wa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, ambayo si ngeni katika mikopo ya nyumba ya shilingi nchini, ulipwe kwa miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni kama shilingi 1,467,000. Katika rejesho la kwanza, shilingi 1,417,000 hivi zinakwenda kwenye riba, na 50,000 tu ndizo zinazopunguza deni lenyewe. Mpaka mkopo uishe, mkopaji atakuwa amelipa zaidi ya milioni 350. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha daraja la tatu analipwa shilingi 499,684 kwa mwezi kabla ya makato, na mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya masomo ya sanaa, kama sisi tunaofundisha Kiswahili, analipwa zaidi kidogo ya milioni moja. Mwenzetu wa sayansi, baada ya nyongeza ya mwaka 2022, anapata milioni 4. Kati yetu watatu, ni yeye peke yake anayeweza hata kuketi mbele ya afisa wa mikopo na kuzungumzia kiasi hicho.

Sasa jaribu aina mbili za msaada juu ya mkopo huohuo. Ya kwanza inakaribiana na ile ya Uingereza, ila hapa iwe zawadi badala ya mkopo: serikali itoe milioni 20 za bei, mkopaji akope milioni 80. Rejesho linashuka mpaka shilingi 1,173,000 hivi. Ya pili ni kupunguza riba: mkopo ubaki milioni 100 lakini kwa asilimia 12. Rejesho linakuwa shilingi 1,101,000. Riba ikifika asilimia 9, rejesho linashuka hadi 900,000. Maana yake ni kwamba kushusha riba kwa pointi tano kunamsaidia mkopaji kuliko kupewa zawadi ya milioni 20, na hakumpandishii muuzaji bei kwa urahisi ule wa fedha taslimu. Hata hivyo lisemwe wazi kwamba kwa asilimia 9 bado mwalimu wa msingi yuko nje kabisa, kwa kuwa rejesho hilo ni karibu mara mbili ya mshahara wake. Msaada wa riba ni wa tabaka la kati la mijini. Unafaa, nami nautaka, lakini asije mtu akauita msaada kwa Waganda wote.

Riba yetu iko juu kwa sababu zinazojulikana. Benki hupokea amana za muda mfupi, na kumpa mtu mkopo wa miaka 20 kutoka kwenye amana ambayo mwenyewe anaweza kuichukua mwezi ujao ni hatari kwa benki. Kenya na Tanzania zimejaribu kulitibu tatizo hilo kwa kuunda kampuni zinazozipatia benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba, Tanzania tangu 2010 na Kenya tangu 2018. Kwetu kazi hiyo bado haijapewa chombo chake. Sababu nyingine, ambayo viongozi huitaja kwa nadra, ni serikali yenyewe. Hati fungani za serikali za miaka 10 na zaidi zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 15. Benki inayoweza kuikopesha Hazina kwa riba hiyo, bila kumfuatilia mdaiwa wala kuuza nyumba ya mtu mnadani, haina haraka ya kumkopesha mwalimu kwa riba ya chini. Serikali inayosema inataka mikopo nafuu ya nyumba inashindana na wananchi wake katika dirisha moja la benki, na huwashinda.

Njia ya kushusha riba tunaijua, na tumekwisha kuitumia kwa shughuli nyingine. Mwaka 2009 serikali ilianzisha, kupitia Benki Kuu, mfuko wa mikopo ya kilimo ambamo serikali hutoa nusu ya fedha za mkopo bila riba, taasisi ya fedha hutoa nusu ya pili, na mkopaji hatozwi zaidi ya asilimia 12. Mfuko huo umekuwapo kwa zaidi ya miaka 15. Ukichukua utaratibu uleule, ukaweka masharti ya nyumba ya kwanza, ya kuishi mwenyewe, na ya bei isiyozidi kikomo kilichotangazwa, utakuwa na msaada ambao maafisa wetu tayari wanajua kuuendesha. Sioni sababu ya mkulima wa mahindi kupewa asilimia 12 na mtu anayejenga mahali pa kulala watoto wake kuachiwa asilimia 17. Wapo watakaosema kilimo huzalisha na nyumba hula tu. Sikubaliani nao. Nyumba huzalisha kazi kwa fundi, kwa mchimba mchanga, kwa mwenye lori na kwa mama anayewapikia mafundi chai, na ikikamilika humwondolea mtu pango ambalo sasa linakula sehemu kubwa ya mshahara wake.

Vivyo hivyo kwa Mpango wa Maendeleo ya Parokia uliozinduliwa Kibuku mwezi Februari 2022. Kila parokia, yaani ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, hupangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa mpaka milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa ajili ya kuku, kahawa, nguruwe na miradi ya namna hiyo. Siombi fedha hizo zigeuzwe mabati, kwa kuwa zina kazi yake. Ninachosema ni kwamba serikali imekwisha kuthibitisha kuwa inaweza kufikisha mkopo mdogo wa riba ndogo mpaka kijijini, na mkopo mdogo ndio hasa unaolingana na namna watu wetu wanavyojenga. Mtu aliyefikia lenta hahitaji milioni 100. Anahitaji milioni chache za kuezeka, azilipe kwa miaka miwili au mitatu, kisha akope tena kwa milango na plasta. Vyama vya akiba na mikopo vinaelewa jambo hili vizuri kuliko benki. Wanajeshi wana chama chao cha Wazalendo, polisi wana cha Exodus, na walimu tuna vyama vyetu. Serikali ikiviwekea vyama hivyo fedha za riba ndogo kwa sharti la kuezeka au kumaliza nyumba ya kwanza, itawafikia watu ambao benki haitawaona kamwe.

Kuna pia msaada ambao hauhitaji serikali itoe hata shilingi moja kutoka Hazina, bali ikubali tu kutochukua. Kila mfuko wa simenti wa kilo 50 hutozwa ushuru wa shilingi 500, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kodi hiyohiyo ya asilimia 18 iko kwenye mabati, nondo, rangi, mabomba na vigae vya sakafu. Mtu anayejenga nyumba ya kwanza kwa vifaa vya dukani vya shilingi milioni 30, kodi ikiwa ndani yake, amekwisha kuilipa serikali zaidi ya milioni 4 na nusu kabla hajalala usiku mmoja ndani ya nyumba hiyo. Nchini Uingereza, mtu anayejijengea nyumba mpya ya kuishi huruhusiwa kudai arudishiwe kodi ya aina hiyo aliyolipa kwenye vifaa, akiambatanisha stakabadhi zake. Australia nayo, ilipoanza kutoza kodi mpya ya bidhaa na huduma tarehe 1 Julai 2000, ilianzisha siku hiyohiyo ruzuku ya dola 7,000 kwa mwenye nyumba ya kwanza, ili kumfidia kwa kupanda kwa gharama za ujenzi. Walielewa kwamba kumtoza mtu kodi kwenye matofali yake na kisha kumhurumia kwa kukosa nyumba ni mambo yasiyopatana.

Mamlaka ya Mapato yetu ina mfumo wa stakabadhi za kielektroniki, EFRIS, unaoonyesha nani ameuza nini, lini, na kwa kodi kiasi gani. Mnunuzi anaweza kutoa namba yake ya mlipakodi pale dukani na jina lake likaandikwa kwenye stakabadhi. Kwa hiyo rejesho la kodi kwa nyumba ya kwanza linaweza kukaguliwa. Lina faida moja zaidi, kwamba wajenzi wengi wataanza kudai stakabadhi halali, na maduka ya vifaa yanayokwepa kodi yatabanwa na wateja wenyewe. Likiwekewa kikomo, tuseme nyumba isiyozidi ukubwa fulani, halitawanufaisha wenye majumba ya ghorofa. Kati ya mapendekezo yote ninayoyaandika hapa, hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu humfikia hata anayejenga kidogo kidogo bila mkopo wowote.

Lakini ujenzi husimama juu ya ardhi, na ardhi yetu ina matatizo yanayoweza kuufanya msaada wote uwe bure. Katiba inatambua aina nne za umiliki: wa kimila, wa kudumu, wa mailo (milki binafsi, hasa Buganda, ambayo mara nyingi hukaliwa na watu wengine) na wa kukodisha. Anayekwenda benki akiwa na hati safi ya umiliki wa kudumu anapokelewa. Anayekwenda na kibanja, yaani kiwanja cha mkaaji kilicho juu ya mailo ya mtu mwingine, mkononi ana karatasi ya makubaliano yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, hana cha kuweka rehani kinachoitosheleza benki, hata kama amekaa hapo miaka 30 na kumlipa mwenye ardhi busuulu, ada ya mkaaji, bila kukosa. Hivyo mpango wowote wa serikali utakaosema "lete hati kwanza" utakuwa umeamua, kabla ya kuanza, kwamba maskini hawamo.

Sheria ya Ardhi ya 1998 iliona jambo hili. Iliunda Mfuko wa Ardhi, ambao pamoja na kazi nyingine ulikusudiwa kuwakopesha wakaaji halali ili wapate haki inayoweza kusajiliwa, na kuiwezesha serikali kununua ardhi kutoka kwa mabwana ardhi wasiokuwapo, kama ilivyofanyika hasa katika eneo la Kibaale. Sheria hiyohiyo ilileta cheti cha umiliki wa kimila na kuzitaka taasisi za fedha zikitambue kama ushahidi wa umiliki. Kama ningeulizwa fedha za kwanza za msaada ziende wapi, ningesema ziende hapa: zimlipie mwenye nyumba ya kwanza mpimaji ardhi, zimlipie gharama za usajili, na zimsaidie mwenye kibanja kununua haki kamili kutoka kwa mwenye mailo pale wawili hao wanapokubaliana. Shilingi milioni mbili au tatu zinazotumika kumpatia mtu hati zinamfungulia milango ambayo ruzuku ya milioni 20 haiwezi kuifungua akiwa hana hati.

Hata kwa yule anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa, njia imejaa ada. Ushuru wa stempu kwenye uhamisho ni asilimia 1.5 ya thamani, kwa hiyo nyumba ya milioni 100 inadai milioni moja na nusu kwa ushuru huo peke yake. Wapo wakili, mthamini na ada za benki, na juu ya hayo sehemu ya bei ambayo benki humtaka mnunuzi aitoe mfukoni mwake. Kenya ilibadili sheria yake mwaka 2018 ili wanunuzi wa kwanza walio katika mpango wa makazi nafuu wasitozwe ushuru wa stempu. Hilo ni badiliko la kifungu kimoja, na linaweza kufanywa katika bajeti moja.

Nimesema nitarudi kwenye akiba. Tangu sheria ya NSSF irekebishwe mwaka 2022, mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuweka akiba kwa miaka 10 anaweza kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba yake, na mwanachama mwenye ulemavu anaweza kuchukua mpaka asilimia 50 akiwa na miaka 40. Wengi walizitumia fedha hizo kumalizia nyumba, na nawafurahia. Lakini fikiri kidogo juu ya umri huo. Mtu huanza familia akiwa na miaka 20 na kitu. Anayengoja mpaka 45 ndipo apate kianzio, na benki inataka mkopo uishe kabla hajastaafu akiwa na miaka 60, amebakiwa na miaka 15 tu, na kwa miaka 15 rejesho la milioni 100 zetu kwa asilimia 17 linapanda hadi shilingi 1,539,000. Ujana wake wote umekwenda kwenye pango. Singeruhusu akiba ya uzeeni ichukuliwe ovyo, kwa maana nimewaona wazee waliobaki bila kitu. Naona inawezekana kuweka dirisha dogo, kwa mwanachama wa umri wowote aliyechanga miaka 10, la kuchukua sehemu ya akiba kwa nyumba ya kwanza pekee, fedha zikilipwa moja kwa moja kwa muuzaji wa ardhi au kwa ofisi ya usajili.

Walimu wa shule za serikali hata dirisha hilo halitatugusa. Sisi hatuchangii NSSF, kwa kuwa pensheni yetu hutoka Hazina na haina akiba yenye jina la mtu ambayo anaweza kuigusa kabla ya kustaafu. Watumishi wa umma wamo miongoni mwa wachache wenye mshahara wa uhakika katika nchi hii, na bado hawana akiba wanayoweza kuionyesha. Mageuzi ya pensheni yamezungumzwa kwa muda mrefu, na yatakapokuja natamani swali la nyumba liwemo tangu mwanzo.

Siku moja, nikiwa Masese kumtembelea mzazi wa mwanafunzi wangu, nilimkuta mama mzee wa jirani ameketi barazani, nikamsalimia shikamoo naye akaitikia marahaba na kunikaribisha. Nilimuuliza nyumba ile aliipataje. "Binti yangu," akasema, "hii walitukopesha vifaa, mikono ikawa yetu." Alikuwa akizungumzia mradi wa wanawake wa Masese, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa fedha za Denmark na usimamizi wa serikali, ambao wanawake wa kipato cha chini walifundishwa kutengeneza vifaa vya ujenzi na kujenga wenyewe, wakapewa ardhi na mkopo wa kulipa taratibu. Miradi yenye mwelekeo kama huo ilifanyika Namuwongo kule Kampala, Malukhu kule Mbale na Oli kule Arua. Haikuwa myepesi. Marejesho yalichelewa, bei za vifaa zilipanda, na baadhi ya walengwa waliuza haki zao kwa wenye fedha. Lakini nyumba zipo, na wanaoishi ndani yake ni pamoja na watu ambao hakuna benki ambayo ingewapa hata fomu.

Ilinganishe na jinsi serikali ilivyowasaidia watumishi na wapangaji wake wa mijini. Nyumba nyingi za serikali ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi ndani yake, na baada ya Sheria ya Milki ya Sehemu za Majengo ya mwaka 2001 flati za Shirika la Nyumba kama zile za Bugolobi na Bukoto ziliuzwa moja moja kwa wapangaji wake. Huo ulikuwa msaada mkubwa wa kumiliki nyumba ya kwanza, na familia nyingi zilijikwamua kupitia kwake. Ulimfaa, hata hivyo, yule aliyekuwa tayari ndani. Mwalimu wa Kamuli au Bugiri, aliyekuwa akipanga chumba kimoja, hakuwa na mlango wa kununua.

Swali gumu zaidi katika mpango wowote ni nani ahesabiwe kuwa hajawahi kumiliki nyumba. Wengi wetu tuna nyumba ya ukoo kijijini, iliyojengwa na babu, ambayo haina hati na hatuwezi kuiuza wala kuihamia kwa sababu kazi iko mjini. Sheria isimhesabu mtu huyo kuwa na nyumba. Kwa upande mwingine, yuko mwenye mapato makubwa anayeandikisha viwanja kwa majina ya watoto. Namba ya kitambulisho cha taifa, ikiunganishwa na mfumo wa taarifa za ardhi wa wizara, inaweza kuonyesha nani tayari ana hati kwa jina lake, na kikomo cha kipato kama kile cha Afrika Kusini kinaweza kuwazuia wenye uwezo. Mke asipotee katika hesabu hiyo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Rehani ya 2009 zinadai ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijauzwa au kuwekwa rehani, lakini ridhaa peke yake haimfanyi mtu mmiliki. Wanawake wengi wanaochangia matofali na mabati hawamo kwenye hati. Fedha za umma zikitumika, nataka sharti liwe kwamba wanandoa wote wawili waandikwe.

Bajeti yetu husomwa mwezi Juni, na mapendekezo ya kodi hufika Bungeni miezi kadhaa kabla yake. Kwa mbunge wetu nimeandika mambo matatu ambayo hayahitaji kungoja mfuko mkubwa: kumwondolea mwenye nyumba ya kwanza ushuru wa stempu, kumrudishia kodi ya simenti na mabati kwa stakabadhi za EFRIS, na kutenga sehemu ya Mfuko wa Ardhi kwa gharama za upimaji na hati. Mfuko wa mikopo ya asilimia 12 utafuata, kwa kuwa huo unahitaji Benki Kuu na fedha za miaka mingi. Wenzangu wanne katika chumba cha walimu wametia saini barua hiyo, na anayetaka nakala ili aipeleke kwa mbunge wa eneo lake, iwe Tororo, Arua au Kasese, aniandikie nimtumie.